Cheo cha mji mdogo, mbona wanauana?

SWALI: Naomba mnieleweshe, kila nikisoma habari za Ufilipino ni meya kapigwa risasi, sijui gavana kauawa, halafu ukiangalia majina unakuta baba ni meya, mtoto makamu, shemeji diwani. Hivi hawana sheria ya kuzuia hii kitu? Na cheo cha mji mdogo kina nini mpaka watu watoane roho? (Msomaji, kwa meseji)

JIBU: Sheria ipo ndugu yangu, tena ipo ndani ya katiba yao ya 1987 kabisa, inakataza koo kuhodhi siasa, ila imeongeza kijineno kwamba bunge ndo litafafanua ukoo wa kisiasa ni nini. Basi hapo ndo pamekwama mpaka leo, manake bungeni wamejaa watoto na wake wa koo hizohizo, nani ajifungie mlango mwenyewe? Mwaka 2016 walijitahidi wakazuia ndugu wa karibu wa viongozi, lakini ni kwenye mabaraza ya vijana tu. Na ule ukomo wa meya, vipindi vitatu vya miaka mitatu mitatu, ndo umekuwa kichekesho, mzee akimaliza anaingia mama, mama akichoka mtoto, mzee akishapumzika anarudi.

Sasa kuhusu kuuana. Kule meya ndo anayechagua mkuu wa polisi wa mji wake, analetewa orodha anachagua. Ongeza tenda, ajira na fungu linalotoka serikali kuu, utaona kwamba ukoo ukipoteza kiti haupotezi cheo tu, unapoteza na ulinzi. Na wengine wana majeshi yao kabisa, mwaka 2006 amri ya rais Gloria Macapagal Arroyo iliruhusu mgambo wa vijijini watumike kusaidia kupambana na waasi, kwa hiyo bunduki nyingine zilikuwa na baraka za serikali.

Mfano mbaya kuliko yote ni Maguindanao, kusini, tarehe 23 Novemba 2009. Ukoo wa Ampatuan ndo walikuwa wameshika mkoa, baba gavana, mtoto mmoja meya anajiandaa kumrithi. Akajitokeza Esmael Mangudadatu, makamu meya wa Buluan, anataka ugavana. Alitishiwa, akaona heri amtume mkewe na dada zake wakarudishe fomu, pamoja na msururu wa waandishi wa habari, akiamini hakuna mtu wa kumgusa mwanamke mbele ya kamera. Walisimamishwa barabarani, wakapelekwa kilimani, wakauawa watu 58, kati yao 32 ni wa vyombo vya habari, na wengine walikuwa wapita njia tu ambao magari yao yalidhaniwa ni ya msafara. Na eskaveta, lile watu wanaita kijiko, lilikuwepo palepale likifukia watu na magari, na lilikuwa mali ya serikali ya mkoa. Hilo la kijiko mimi huwa linanikaa kichwani kuliko hata idadi, manake kijiko hakiendi mlimani kwa hasira za ghafla, kuna mtu alikipangia kazi.

Kesi ikachukua miaka kumi, baba mtu akafa 2015 kabla ya hukumu, wanawe wakuu wakafungwa maisha Desemba 2019, na katikati ya hayo yote bado kuna akina Ampatuan waliokuwa wanagombea na kushinda viti.

Sasa usije ukadhani akina Mangudadatu, hao waliouliwa ndugu zao, walikuja kuvunja mchezo huu wa koo. Mangudadatu alishinda ugavana 2010, ndugu zake wakashika viti huku na kule, na mwaka 2019, mwaka uleule wa hukumu, waliochuana kwenye ugavana wa Maguindanao walikuwa mdogo wake na mke wa binamu yake, Mangudadatu kwa Mangudadatu, akashinda shemeji.