Likizo Ianze Kupangwa Semista Ikiwa Bado Mbichi: Kwa Mnaoanza Chuo Mtwara

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akifika Mtwara huwa na daftari jipya, na ukurasa wake wa kwanza huwa umejaa malengo. GPA, yaani wastani wa alama wa chuo ambao kilele chake ni 5, ya 4.5. Kuongea Kiingereza bila kigugumizi. Kufungua biashara. Kukimbia kila asubuhi. Kujua kompyuta. Kuweka akiba ya laki tano. Ukifika mwezi wa pili, daftari lile lile linaandikiwa deni la mama ntilie.

Mimi nimesoma huko nikitokea Nachingwea, na nimeyaona madaftari ya aina hiyo mengi. Malengo yenyewe hayana ubaya. Yamepangiwa pasipokaa tu: yote yamesukumwa ndani ya semista, na semista ina mwenyewe. Lengo kubwa la mwanafunzi hufanyika likizo. Semista kazi yake ni kulitunza lisife na kuiandaa likizo yenyewe. Wengi hupanga kinyume: wanajibana miezi minne kwa ndoto ambazo hazina nafasi, halafu likizo inawakuta hawana mpango wowote, wanalala mpaka saa nne wakisubiri chuo kifunguliwe.

Tuanze na huyo mwenye semista, yaani masomo. Vyuo vingi hugawa alama 40 za majaribio na kazi za darasani, na 60 za UE, yaani mtihani wa mwisho wa semista. Ukikusanya 30 katika zile 40, unaingia UE unapumua. Ukiingia na 17, kila swali linakuwa la kufa na kupona. Wakubwa watawaambia mwaka wa kwanza ni wa kupasha misuli. Fanyeni hesabu wenyewe. Kwa shahada, daraja la pili la juu linaanzia 3.5, na daraja la kwanza 4.4. Aliyemaliza mwaka wa kwanza na 3.0 katika shahada ya miaka mitatu, uzito wa masomo ukiwa sawa kila mwaka, anahitaji wastani wa 3.75 kwa miaka yote miwili iliyobaki ndipo aifikie hiyo 3.5. Aliyeanza na 3.8 akaitamani 4.4, anahitaji 4.7. Inawezekana, na nawajua waliofanya. Ila hao hawakupata nafasi ya kujifunza gitaa.

Kwa hiyo, masomo kwanza, usingizi wa pili. Lengo lako lile kubwa, na nasema lengo moja, lipe nusu saa kwa siku. Nusu saa haikufikishi popote pa maana, lakini inakuzuia usianze upya kila mara.

Niliishi geto, yaani chumba cha kupanga, na jamaa wa Mangaka, kule Nanyumbu. Huyu alitaka kujua Kireno. Wenzake walimcheka, kwa sababu wengi wetu hata Kiingereza cha darasani kilikuwa kinatutoa jasho. Yeye alikuwa na sababu zake: kwao si mbali na Mtambaswala, lilipo Daraja la Umoja lililofunguliwa 2010 kuvuka Ruvuma kuingia Msumbiji, na mjomba wake ana duka njiani. Semista nzima alichofanya ni kubandika karatasi ya maneno kumi nyuma ya mlango, na kuibadilisha kila Jumapili. Basi. Hakujiunga na kikundi, hakununua kozi, hakutangaza.

Likizo ndefu ilipofika akaenda dukani kwa mjomba akiwa na kipimo kimoja: auze siku nzima bila kumwita mjomba amtafsirie. Kilichomkuta nacho ni cha kujifunza. Wateja wengi kutoka ng'ambo walizungumza naye Kimakua, Kiyao au Kiswahili chao, na Kireno hawakukihitaji kununua sabuni. Waliokihitaji walikuwa madereva wa magari ya mizigo wenye karatasi mkononi. Akaacha kukariri salamu na majina ya matunda, akageukia tarakimu, uzito, tarehe na maneno ya fomu. Mwaka wa mwisho alikuwa anaisoma fomu ya forodha ya Msumbiji na kumweleza mtu wapi aweke sahihi. Huyo huyo, ukimwambia asimulie hadithi kwa Kireno, anakwama sentensi ya tatu. Lakini anaombwa kazi.

Ninachokipenda hapo ni kipimo chake. "Kujua Kireno" hakuna mtu anayejua kinaishia wapi. "Kuuza siku nzima bila kumwita mjomba" jioni unajua kama umefanya au hukufanya. Lengo la likizo liandikwe hivyo. Badala ya "kujua kompyuta", andika "kutunza hesabu za duka la shangazi kwenye Excel kuanzia Agosti mpaka chuo kifunguliwe". Badala ya "kuboresha Kiingereza", andika barua yako ya kuomba field, yaani mafunzo kwa vitendo, kwa Kiingereza, isahihishwe na mtu anayekijua, uiandike tena mpaka akose cha kusahihisha.

Sasa kwa sisi watoto wa korosho, maana hapa ndipo mipango mingi inapokufa. Unarudi nyumbani Julai na daftari lako, baba anakutazama, anaona nguvukazi imerudi. Wala hakosei. Miezi ya katikati ya mwaka mikorosho inachanua, na ua lisipolindwa na ugonjwa wa ubwiriunga msimu umekwisha kabla haujaanza. Ada yako inatoka kwenye maua hayo. Ukianza kubishana na baba kuhusu malengo binafsi utaonekana umesomea kiburi.

Lakini itazame kazi yenyewe. Salfa ya unga, dawa ya ugonjwa huo, hupulizwa alfajiri, upepo ukiwa umetulia na majani yakiwa na umande ili unga unate. Jua likipanda na upepo ukianza, unga unapeperuka, mnajipulizia wenyewe, na kazi inasimama. Mnarudi nyumbani macho yanawasha, mnaoga, mnakula, na mara nyingi hata saa tano haijafika. Kuanzia hapo mpaka jioni watu wanakaa chini ya mwembe. Hayo ndiyo masaa yako, na hayajamnyima mtu kitu. Sikuwahi kuona mzee anayegombana na kijana aliyeamka saa kumi kubeba mashine ya kupulizia, kisha mchana akajifungia na kitabu. Wanagombana na aliyelala alfajiri kwa sababu alikesha anasoma. Mwambie baba mapema, siku ya kwanza, kwa adabu: "Baba, alfajiri mimi ni wa shamba. Mchana naomba nishike daftari." Ukimwahi hivyo, atakusaidia hata kuwafukuza wadogo zako wanaokuja kukuomba simu.

Mambo hubadilika korosho zikianza kuanguka, kuelekea Oktoba. Kuokota, kutenganisha na bibo, lile tunda lake, kuanika, kuchambua, kupeleka chama cha msingi: hiyo kazi haina mchana wala jioni. Bahati nzuri kipindi hicho ndicho vyuo vinafunguliwa, kwa hiyo lengo lako liwe limefika mwisho Septemba. Ukibakiza kipande cha kumalizia "nikipata nafasi Oktoba", kipande hicho kitaliwa na maturubai ya kuanikia.

Halafu kuna ngoma. Jando na unyago havikuulizi ratiba, na usipoonekana kwenye shughuli ya mtoto wa mama mdogo, utasikia habari zako miaka kumi. Nenda, cheza, toa mchango wako, kalale. Siku mbili tatu hizo zihesabu kabisa kwenye mpango, usijifanye hazipo.

Mnaotoka Dar es Salaam na miji mingine msidhani hayo hayawahusu. Nyumbani kwenu hakuna mikorosho, lakini kuna duka, kuna wageni, kuna mdogo wa kidato cha nne anayetaka kufundishwa hesabu. Kazi ni ile ile: tafuta saa ambayo nyumba haikuhitaji, uiombe kabla hujaichukua.

Likizo fupi ya kati ya semista sina mengi ya kuisemea. Lala. Nauli ya kwenda na kurudi kwa siku chache mara nyingi haifai, labda kama kuna mgonjwa. Panda pantoni ya MV Mafanikio uende Msangamkuu, au nenda Mikindani ukaione Boma ya Wajerumani ya 1895, ufue, usafishe chumba. Kuna watu wanaigeuza likizo fupi kuwa kambi ya kujinoa, kisha wanaingia semista ya pili wamechoka kuliko walivyotoka ya kwanza. Pumziko nalo ni kazi, hasa kwa joto la Mtwara la Februari.

Kuhusu joto hilo, ukitafuta geto usikague chumba asubuhi. Ingia saa nane mchana, funga mlango, kaa humo kidogo kabla hujatoa kodi. Chumba cha bati kisicho na siling'i kitakufukuza kila mchana, na utakuwa unasomea maktaba au hausomi kabisa. Kingine ni hesabu ya miezi. Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na usipoangalia kalenda utajikuta unalipia chumba kitupu Agosti na Septemba. Ongea mwanzoni: "Shikamoo mama. Mimi nalipa mpaka Julai. Miezi ya likizo naomba nikuachie godoro na ndoo tu, chumba upangishe ukitaka." Akina mama wengi wa Mtwara ukija na shikamoo na mpango unaoeleweka mnaelewana. Ukija Julai tarehe 28 na sura ya huruma, hapo hamtaelewana.

Pesa ya likizo nayo hutengenezwa kwenye semista. Bumu, yaani fedha ya mkopo wa wanafunzi, la chakula na malazi linahesabiwa kwa siku, shilingi 10,000 tangu mwaka wa masomo 2022/23, na linakuja kwa mikupuo. Kwa sababu linaingia kwa pamoja, wiki ya kwanza Mtwara nzima inanukia chipsi. Likizo ndefu haina bumu, isipokuwa kuna fedha ya mafunzo kwa vitendo kwa walionufaika nayo wanapokwenda field. Bumu likiingia tu, toa nauli ya Julai, iweke kwa mtu au kwenye akaunti ambayo huna kadi yake. Msisahau pia kwamba huo ni mkopo: ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inakatwa kila mwezi mpaka uishe. Sisemi hivyo kuwatisha, nasema ili simu mpya isinunuliwe kwa hasira.

Field ni sehemu ya likizo ambayo wengi wanaiacha ijipange yenyewe. Barua zipelekwe kabla ya Pasaka, kwa mkono, na urudi kuziulizia. Halmashauri, benki, bandari, vyama vya ushirika, kiwanda cha saruji: kote huko nafasi ni chache na wanaokuja ni wengi, tena wanatoka vyuo vya mikoa mingine pia. Ukipata, chagua kitu kimoja cha kuondoka nacho ambacho hakimo kwenye kitabu cha kumbukumbu cha msimamizi. Rafiki yangu aliyewekwa ghalani kwenye chama cha msingi, badala ya kukaa kwenye kiti cha plastiki akisubiri saa tisa, aliomba afundishwe kukata korosho na kupima ubora. Hilo moja lilimpatia kibarua msimu uliofuata.

Mtandao usiutegemee. Pakua masomo ukiwa chuoni, chapa yale muhimu kwenye karatasi. Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika, intaneti iliyumba Tanzania yote, na aliyekuwa na kila kitu mtandaoni alikuwa hana kitu. Mwezi huo huo Kimbunga Hidaya na mvua zake zilikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi maeneo ya Somanga, safari zikakwama. Anayetoka mbali asipange kuingia Mtwara usiku wa kuamkia jaribio.

Jambo la mwisho ni matokeo. Yakitoka ukiwa kijijini ambako simu inachajiwa kwa jirani mwenye sola, unaweza usijue mpaka uchelewe, na sapu, yaani mitihani ya marudio, hufanywa kabla mwaka mpya haujafunguliwa. Kuna waliozikosa wakiwa shambani, uso mzima wa njano kwa salfa. Mwachie anayebaki mjini namba ya simu ya mtu wa nyumbani inayoshika mtandao, na namba yako ya usajili akuangalizie. Na ile nauli ya kurudi, kama hukuiweka benki, mpe mama siku unapofika na umwambie ni ya nini. Mchango wa ngoma ukija, atatafuta pengine.