Mtazamaji anahisi au anaona?

Msomaji wetu wa Tanga ameniandikia kwamba yeye na wenzake wameitazama upya sehemu moja ya Star Trek, tamthilia ya Kimarekani ya safari za angani, ile iitwayo The Changeling, iliyoonyeshwa Marekani kwa mara ya kwanza tarehe 29 Septemba 1967, kisha wakaandikiana maoni. Ndani yake Uhura, afisa wa mawasiliano wa meli ya angani, anafutwa kumbukumbu zote na mashine iitwayo Nomad, lakini bado anasema Kiswahili. Anauliza: episodi moja ya tamthilia kama hiyo tuiite kipindi, kipande au sehemu? Ameniletea na maoni matatu ya wenzake, ili nijionee jinsi wanavyotofautiana.

Jibu ni sehemu. Kipindi ni muda uliotengwa, au programu inayoujaza muda huo, na kipande ni kitu kilichokatwa kutoka kizima, kama zile video fupi ambazo watu hutumiana kwa simu. Star Trek ya awali ilikuwa na sehemu 79 katika misimu 3, na hii ni ya msimu wa 2. Anayesema episodi simgombezi, maana anaeleweka.

Kilichonikosesha raha ni yale maoni matatu, kwa kuwa yote yanaanza kwa neno moja. Wa kwanza anasema: “Nahisi si rahisi mtu aliyefutiwa kumbukumbu zote arudi kazini baada ya wiki moja.” Wa pili: “Nahisi Uhura alibaki na Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha yake ya kwanza.” Wa tatu: “Nahisi kama filamu ya Star Trek ya mwaka 1979 imefuata hadithi hii hii.” Watu watatu wenye akili timamu, kila mmoja na hoja nzuri mkononi, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kusema kwamba anaona, anadhani au anaamini.

Hisi tumelipata kutoka Kiarabu, na kazi yake inajulikana: mtu huhisi baridi, homa, njaa, uchungu na haya, na akisikia mchakacho usiku ana haki ya kusema anahisi kuna mtu uani, kwa sababu hapo masikio na ngozi ndivyo vinavyompa habari. Lakini kwamba filamu moja imefuata hadithi ya nyingine hakujulikani kwa ngozi. Hilo hupatikana kwa kuzitazama zote mbili na kuzilinganisha, na mtu akishamaliza kulinganisha, Kiswahili kimemwekea naona. Neno maoni lenyewe limezaliwa na ona. Sijui ni lini tulikubali kuyaandika maoni kwa kitenzi cha mgonjwa anayeeleza maumivu yake kwa daktari. Nasadiki tumeiga Kiingereza, ambacho wasemaji wake wa siku hizi hupenda kusema wanahisi pale wanapofikiri, nasi tukalichukua zoea lao tukaacha vitenzi vyetu vikiota kutu.

Tena hadithi yenyewe waliyoitazama ingeweza kuwafundisha. Nomad ni chombo kilichorushwa kutoka duniani, kikaharibika angani, kikaungana na chombo cha walimwengu wengine, kikatoka na amri ya kuangamiza kila chenye kasoro. Kinapoingia katika Enterprise, meli ya angani ya akina Uhura, kinamwacha hai Kapteni Kirk, mkuu wa meli hiyo, kwa sababu kinadhani yeye ndiye Jackson Roykirk, mwanasayansi aliyekiunda, kwa kuchanganya majina mawili yanayokaribiana. Hapo ndipo hadithi nzima inaposimama. Kirk anaiokoa meli yake kwa kuithibitishia mashine kwamba ilidhani vibaya: muumba wake alikwisha kufa, kosa hilo haikuligundua, na kwa amri yake yenyewe chenye kosa lazima kiangamizwe. Sasa hebu tuweke neno la wenzetu: “Nomad alihisi Kirk ni muumba wake.” Hadithi imekufa papo hapo. Kwanza, mashine ile haina hisia, na ndiyo sababu inamwona Uhura, aliyekuwa akiimba, kuwa kiumbe mwenye fikra za vurugu, ikamfuta kumbukumbu. Pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi, hisia haikanushiki. Mtu akisema anahisi baridi, utamwambia nini? Kirk asingekuwa na pa kushika. Dhana hukosolewa, na kwa sababu hukosolewa ndiyo maana ina maana watu waijadili.

Ndiyo maana nalichukia “nahisi” la watoa maoni: ni mlango wa nyuma. Anayelitumia anataka kusema jambo huku akijihifadhi asijibiwe, na “nahisi kama” ni mlango huohuo uliotiwa kufuli la pili. Kiswahili kina ngazi nzima za uhakika, kuanzia nakisia na nashuku, kupanda nadhani na nafikiri, hadi naona, naamini na najua, na kila ngazi humwambia msikilizaji jinsi msemaji anavyolisimamia neno lake.

Sitegemei kushinda vita hivi. Vijana wamekwisha kulizoea, nami nimechoka kulifuta kwa kalamu nyekundu. Ila msomaji wangu aliuliza kwa adabu, basi nimtengenezee sentensi moja tu, ya yule wa pili: “Naona Uhura alibaki na Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha yake ya kwanza.” Sasa anaweza kujibiwa, na mimi namjibu. Nomad alimfuta vyote, hata muuguzi Chapel akalazimika kumfundisha kusoma upya kama mtoto wa darasa la kwanza. Kama Kiswahili kilibaki kwa kuwa ni cha kwanza, mbona wimbo na majina ya wenzake havikubaki? Nadhani waandishi walitaka tu kutukumbusha asili ya mwanamke ambaye jina lake lilichongwa kutoka neno letu uhuru. Anikosoe.