Ukiitwa kwenye usaili, nenda na matukio yako

Wadogo zangu, nimekaa upande wa pili wa meza kwa miaka sita sasa, katika kampuni ya uwakala wa forodha huku Kurasini. Sentensi niliyoisikia kuliko zote ni hii: "Mimi ni mchapakazi, najituma, naweza kufanya kazi katika mazingira magumu." Kijana anaitoa kwa pumzi moja, unaona kabisa ameikariri usiku kucha. Sisi watatu wa jopo hatuandiki kitu. Hatumdharau hata kidogo, ila hajatupa cha kuandika.

Siku moja aliingia binti aliyemaliza stashahada ya uhasibu, hajawahi kuajiriwa. Tukamwambia, "Tueleze kuhusu wewe." Akasema tangu amalize chuo anashika hesabu kwenye duka la vitenge la mama yake mdogo Kariakoo. Wiki tatu mfululizo fedha za mauzo hazikulingana na mzigo uliotoka. Akafungua kauntabuku, kila doti inayotoka inaandikwa kabla haijafungwa kwenye mfuko. Kumbe wateja wa siku nyingi walikuwa wanakopeshwa na hakuna anayeandika. Alieleza kwa dakika mbili, bila kujisifu hata kwa neno moja, na kalamu zetu zote zilikuwa zinakimbia. Tulimchukua.

Ndiyo maana nawaambia, msikariri majibu. Kaeni na daftari jioni mbili tatu mkumbuke matukio ya kweli, hata saba au manane, na kila moja uandike mambo matatu: kulikuwa na tatizo gani, wewe mwenyewe ulifanya nini, na iliishaje. Usiseme huna uzoefu. Ulikuwa katibu wa kikoba cha mtaani kwenu? Uliwahi kugawa kazi ya kikundi chuoni, mwenzenu mmoja akatoroka majukumu? Ulikaa fildi miezi miwili ukapanga majalada yaliyovurugika? Hayo ndiyo uzoefu. Tena tukio moja la kweli hujibu maswali mengi: lile la Kariakoo linajibu "kwa nini tukuajiri", linajibu "eleza changamoto uliyoitatua", linajibu hata "unafanyaje ukigundua mwenzako anakosea".

Ukisimulia, angalia neno "tulifanya". Tumelelewa kutojikweza, na ni malezi mazuri, lakini jopo linataka kujua mkono wako ulikuwa wapi. Sema "wenzangu walihesabu mzigo, mimi niliandika na kulinganisha na ankara." Hapo hujajisifu, umesema ukweli tu.

Kuna jambo linaloniuma kila mwaka, nalo ni lugha. Hapa Dar usaili mwingi wa maofisini unafanyika kwa Kiingereza, na nimeona vijana wenye akili kabisa wakigeuka bubu. Mimi mwenyewe yalinipata kwenye usaili wangu wa kwanza. Nilikuwa nimekariri majibu kumi kwa Kiingereza. Swali la tatu likaja kwa maneno mengine, nikatoa jibu la swali ambalo hawakuniuliza. Nilitoka pale natetemeka, nikatembea mpaka kituoni bila kujua nimevukaje barabara. Dawa niliyoipata baadaye ni kusimulia yale matukio kwa sauti, kwanza kwa Kiswahili mpaka yanyooke, kisha kwa Kiingereza chepesi cha sentensi fupi. Mwombe dada au rafiki akukatize katikati na kukuuliza "kwa nini?" Ukiwa unaeleza jambo uliloliona kwa macho yako, hata sarufi ikiteleza tutakuelewa.

Swali la udhaifu: usiseme unapenda kazi ikamilike kupita kiasi. Taja udhaifu wa kweli usioharibu kazi unayoiomba, na useme unaudhibiti vipi. Lile la "unajiona wapi miaka mitano ijayo?" halihitaji kuumiza kichwa. Taja ujuzi unaotaka kuwa nao.

Mshahara ndio unaowaangusha wengi. "Chochote mtakachonipa" si jibu, na kutaja kiasi bila hesabu ni hatari zaidi. Chukua mshahara wa msingi wa 800,000 kwa mwezi. Mchango wako wa NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa kawaida ni asilimia 10, yaani 80,000. Kodi inapigwa kwenye 720,000 iliyobaki: kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, 270,000 za mwanzo hazikatwi, kisha asilimia 8 hadi 520,000, kisha asilimia 20 hadi 760,000. Kodi yako ni 60,000. Kama ulisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15, yaani 120,000. Mkononi unabaki na 540,000. Sasa toa nauli na kodi ya chumba, ndipo utajua kiasi cha kutaja. Na ukikitaja, sema wazi kama ni kabla ya makato.

Mabinti, mnaweza kuulizwa mtaolewa lini au kama mna mimba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ndoa au ujauzito, na inamlinda hata anayeomba kazi. Huna haja ya kugombana mezani. Jibu kwa utulivu: "Ratiba ya kazi hii nimeielewa na nitaimudu," kisha nyamaza.

Kwa wanaoitwa na Sekretarieti ya Ajira, ile inayosaili waombaji wa kazi za serikali, kwa kawaida mchujo wa kuandika hutangulia mahojiano. Beba vyeti halisi, kwa maana matokeo ya muda hayakubaliwi, na kitambulisho chenye majina yale yale yaliyo kwenye vyeti.

Mwisho utaulizwa, "Una swali kwetu?" Usiseme huna. Mwaka jana kijana mmoja aliyekuja kuomba kazi ya kufuatilia makontena alituuliza, "Katika kazi hii, mzigo huwa unakwama zaidi hatua gani?" Mkuu wetu wa kitengo akaweka kalamu chini akaanza kumweleza, kijana akauliza tena, na tulipotazama saa tukakuta tunapangana naye kama mtu aliyekwisha kuanza kazi.