Siku nzima ni maji tu, nitafanya nini?

SWALI: Shikamoo anti. Mwezi ujao mi na mume wangu tunapanda meli ya kitalii kwa mara ya kwanza, sasa nimecheki ratiba naona siku ya tatu hatushuki bandari yoyote, ni baharini asubuhi mpaka usiku. Mume anasema ndo siku ya kupumzika, mi naona kama kufungiwa tu, alafu naogopa bahari itanilevya nishinde natapika. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mumeo kasema kweli, hiyo ndo siku tamu kuliko zote, hakuna kukimbizana na basi la matembezi wala kuwaza meli itakuacha.

Tuanze na kutapika maana ukiwa na kichefuchefu hakuna raha utakayoiona. Sikio lako kwa ndani linasikia meli inayumba, ila macho yako yanaangalia ukuta wa chumba ambao umetulia tuli, ndo hapo ubongo unachanganyikiwa na tumbo linaanza. Kwahiyo ukijisikia vibaya usijifungie kulala, toka nje uangalie mbali kule bahari inapokutana na mbingu. Na kama chumba hamjachagua bado, chukueni cha katikati ya meli sitaha za chini, ni kama pembea ya ubao, wa mwishoni ndo anarushwa juu na chini, wa katikati hata hashtuki. Meli kubwa nyingi pia zina mapezi kama ya samaki chini ubavuni, yanapunguza kuyumba. Dawa ya kichefuchefu unywe kabla hujaanza kuumwa, ila muulize kwanza mfamasia maana nyingine zinalevya usingizi, na kama una mimba mwambie.

Haya, sasa siku yenyewe. Amka mapema wengine wakiwa bado wamelala, beba chai yako nenda nyuma kabisa ya meli. Simama pale. Utaona barabara nyeupe ya povu inanyooka mpaka macho yanaishia, katikati maji yamegeuka rangi ya feruzi, na injini unaisikia miguuni tu kwa mbali. Mi pale naweza kukaa saa nzima na simu sijaigusa, na wala sijaona nilichokosa.

Karatasi ya ratiba watakayowapa itakuwa imejaa bingo, madarasa ya dansi, sijui maonyesho gani, chagueni viwili tu mengine achaneni nayo. Ila krimu ya jua usisahau kabisa, meli ikienda mwendo wa noti 20 (noti ndo kipimo cha mwendo wa meli) ni kama kilomita 37 kwa saa, ule upepo unakupoza unajiona uko poa kumbe jua linakuchoma na maji nayo yanalirudisha usoni. Simu iwekeni modi ya ndege tangu mnaondoka bandarini, mtandao wa simu wa melini unapita kwenye satelaiti na bili yake inauma.

Jioni mrudi palepale nyuma mwangalie jua likizama, na mumeo abebe sweta lako, upepo wa saa hizo si mchezo.