"DSO na baa mbili": hiyo baa tunaiitaje?

SWALI: Natafsiri wasifu wa Leonard Cheshire, Mwingereza ambaye jina lake tunalijua kupitia vituo vya watu wenye ulemavu, vikiwemo vya hapa Kenya. Nimeandika hivi: "Alikuwa kamanda wa walipuaji. Alifanya ziara nne na misheni mia moja, akashushwa cheo ili aongoze Kikosi cha 617, akatunukiwa VC, DFC, na DSO na baa mbili." (Hizo tatu ni nishani za kijeshi za Uingereza.) Mhariri wangu alicheka mpaka machozi, ila hakuniambia kosa liko wapi. Nirekebishe nini?

JIBU: Tuanze na baa, maana bila shaka ndiyo iliyomvunja mbavu. Kiswahili tayari kina baa za aina mbili. Moja inauza bia: baa hii, baa hizi. Nyingine ni balaa: baa la njaa, mabaa ya vita. Kwa sentensi yako, shujaa ametoka vitani akiwa na vilabu viwili vya pombe, au na mikosi miwili. Chagua mwenyewe.

"Bar" ya nishani za Uingereza ni kipande chembamba cha madini kinachopachikwa kwenye utepe ambao nishani inaning'inia. Mtu aliyekwisha kupewa DSO akistahili tena DSO, hapewi nishani nyingine nzima. Anaongezewa kipande hicho juu ya ile ya kwanza. Siku anapovaa utepe mtupu kifuani, kila kipande huwakilishwa na kiua kidogo cha fedha.

Sasa angalia hesabu, kwa sababu hapa hata wafasiri wazoefu huteleza. DSO na bar mbili si DSO mara mbili, ni mara tatu: nishani yenyewe, kisha nyongeza mbili. Guy Gibson, aliyeongoza Kikosi hichohicho cha 617 kubomoa mabwawa ya Möhne na Eder nchini Ujerumani, katika Vita vya Pili vya Dunia, usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Mei 1943, alikuwa na DSO na bar moja. Huyo ndiye wa mara mbili. Kwa hiyo andika "alitunukiwa DSO mara tatu" na msomaji hatapotea. Neno "kipande cha nyongeza" libakize kwa maelezo ya picha, pale unapokionyesha kipande chenyewe.

Herufi DSO ziache zilivyo, uzifafanue mara moja tu: nishani ya Uingereza iliyokuwa ikitolewa kwa maofisa waliotukuka katika utumishi wa vita. Usiigeuze kuwa "Nishani ya Utumishi Uliotukuka", kwani msomaji wa Tanzania ataona nishani ya kwao.

"Ziara nne" nayo inaleta picha ya waziri akikagua mradi wa maji. Katika kamandi ya ndege za mabomu ya Uingereza, rubani alipangiwa idadi ya safari, kwa kawaida 30, kisha akapumzishwa kabla ya kurudishwa kwa awamu ya pili, iliyokuwa fupi zaidi, safari 20. Kiswahili kina neno lake kamili: zamu. Cheshire alimaliza zamu nne. Na uzito wa neno hilo usiupunguze: kati ya wanaanga wapatao 125,000 wa kamandi hiyo, 55,573 walikufa. Wengi hawakuimaliza hata zamu ya kwanza.

"Misheni" kwetu ni kanisa, shule na zahanati yake. Dar es Salaam ni pia riziki ya ujanjaujanja. Magazeti siku hizi yanaitumia kwa mambo ya kijeshi, lakini mimi ningeandika "safari 100 za mashambulizi".

"Walipuaji" leo ni watu waliojifunga mabomu mwilini. "Washambuliaji" ungewapeleka uwanja wa mpira. Ndege hizo ziite ndege za mabomu, yeye mwite kamanda wa kikosi cha ndege za mabomu.

Kosa lililobaki halichekeshi mtu, na kwangu ndilo zito kuliko yote: "akashushwa cheo". Kauli ya kutendwa hapa inabeba hukumu. Anayeshushwa cheo amekosa, kama vile anayevuliwa cheo amefedheheka. Cheshire hakukosa. Mwaka 1943, akiwa na miaka 25, alipandishwa kuwa Group Captain na kupewa kituo cha mafunzo cha Marston Moor. Kazi ya mezani ikamchosha, akataka kurudi angani, na bei yake ilikuwa kurudi kwenye cheo cha Wing Commander. Andika "alikubali kushuka cheo". Usiseme "alijishusha", maana hilo ni neno la unyenyekevu, halihusu bega lenye alama za cheo. Na tafadhali, Wing Commander si "kamanda wa bawa". Majeshi ya anga ya Kenya na Tanzania hutumia vyeo vya nchi kavu, hivyo Group Captain anakaribiana na Kanali, na Wing Commander na Luteni Kanali.

Jambo dogo kuhusu VC. Mara nyingi nishani hiyo hutolewa kwa tendo moja la ushujaa. Yake, iliyotangazwa Septemba 1944, ilitolewa kwa ujasiri wa miaka minne mfululizo. Usiandike "kwa kitendo cha kishujaa"; andika "kwa ushujaa wa muda mrefu".

Aya yako basi iwe hivi: "Leonard Cheshire alikuwa kamanda wa kikosi cha ndege za mabomu cha Uingereza. Alimaliza zamu nne, jumla ya safari 100 za mashambulizi. Mwaka 1943 alikubali kushuka cheo ili aongoze Kikosi cha 617. Alitunukiwa DSO mara tatu, DFC mara moja, na mwaka 1944 VC, nishani ya juu kabisa ya ushujaa nchini mwake."

Ukiziorodhesha herufi hizo baada ya jina, VC hutangulia zote, hata kama ndiyo aliyoipata mwisho kati ya nishani hizo tatu.