Kutetemeka mbele ya kikao: yaliyonisaidia baada ya kushindwa barazani

Mdogo wangu uliyeuliza, nimesoma swali lako mara mbili. Umesema una miaka 27, ni mhasibu, umepandishwa cheo juzi juzi, na sasa kila mwisho wa mwezi unatakiwa kusimama mbele ya menejimenti kuwasilisha hesabu. Sauti inakatika, viganja vinalowa jasho, na safari iliyopita ulimwomba mwenzako akusomee. Unauliza kama kuna dawa. Nitakujibu kwa urefu, maana hilo la kumwomba mwenzako ndilo lililonishtua. Mimi nililifanya miaka miwili na lilinigharimu.

Mimi ni afisa mifugo wa halmashauri. Mwaka 2014 mkuu wangu wa idara alipata dharura, nikaambiwa jioni kwamba kesho yake nitawasilisha mimi taarifa ya robo mbele ya Baraza la Madiwani. Nilikesha nikikariri kurasa sita neno kwa neno. Asubuhi sikula kitu, nikanywa kahawa vikombe viwili. Zamu yangu ilipofika nilikuwa nimeshika karatasi ya A4 karibu na kipaza sauti, na ukumbi mzima ukawa unaisikia inavyotetemeka. Nilipofika kwenye ugonjwa uliokuwa ukimaliza mbuzi kwenye kata zetu, nikasema "PPR". Diwani mmoja akasimama: "Mheshimiwa Mwenyekiti, tunaomba mtaalamu atufafanulie, hicho ni kitu gani?"

Ugonjwa ule nilikuwa naujua kuanzia kirusi chake hadi chanjo yake. Lakini niliusomea chuoni kwa Kiingereza, na taarifa niliikariri jinsi ilivyoandikwa. Jina la sotoka ya mbuzi na kondoo, ambalo nilikuwa nalitaja vijijini karibu kila wiki, halikuja kabisa. Kimya kikatanda, kisha vicheko vikaanza nyuma. Mkurugenzi akanipa ishara nikae, akamalizia yeye.

Tangu siku hiyo, kikao kikikaribia nilikuwa naumwa. Nilikuwa naumwa kweli, tumbo linakatika tangu usiku. Nikaanza kupanga safari za vijijini ziangukie siku za vikao, na ikishindikana namkabidhi kabrasha mwenzangu. Ilipotokea nafasi ya kukaimu, alipewa huyo mwenzangu ambaye nilimtangulia kazini. Nilipomuuliza mkuu wangu, akanijibu bila kunizungusha: "Kazi yako naijua mimi. Wenzangu hawajawahi kukusikia." Iliniuma sana, kwa sababu ilikuwa kweli.

Kilichonifungua sikukipanga. Mwaka 2016 tulikuwa na zoezi la chanjo, na kabla ya kuanza ilibidi nizungumze na wafugaji chini ya mti wa mgunga. Nikatoa karatasi, nikaanza: "Lengo la zoezi hili ni kudhibiti kuenea kwa..." Macho yangu yako kwenye karatasi. Mzee mmoja aliyekaa mbele, kidevu amekiegemeza kwenye fimbo yake, akanikatiza kwa upole: "Binti, weka hiyo karatasi. Tuambie mbuzi wetu wanakufa na nini, na wewe unataka kuwafanya nini."

Nikaiweka kwenye mkoba. Nikasema: "Mbuzi wenu wanaugua sotoka. Anaanza kutoa machozi na makamasi, midomo inatoka vidonda, anaharisha, na wengi hawamalizi wiki. Nimekuja na sindano ya kumkinga yule ambaye bado ni mzima. Aliyekwisha kuugua, sindano hii haitamponya." Baada ya hapo maswali yakamiminika. Nilizungumza karibu nusu saa, na nilipokuwa narudi kwenye gari ndipo nikagundua viganja vyangu ni vikavu.

Nililitafakari hilo njia nzima. Wale wafugaji walikuwa wakali kuliko madiwani, na mbuzi waliokuwa wakifa ni wa kwao. Kwa nini sikuwaogopa? Nikaona kwamba barazani nilikuwa nafanya kazi mbili kwa pamoja: kukumbuka maneno ya karatasi na kuyatafsiri kutoka Kiingereza cha chuo. Akili ilikuwa imeelemewa kabla hata hofu haijaingia. Na kile Kiswahili cha taarifa zetu, cha "kwa kuzingatia" na "katika kuhakikisha kwamba", hakuna mtu anayekizungumza akiwa nyumbani kwake. Mdomo unajikwaa kwenye maneno ambayo haujayazoea.

Kwa hiyo naomba uanzie hapo. Chukua taarifa yako ya mwezi huu, uisimulie kwa sauti kama vile unamweleza mama yako. "Wadaiwa" waseme kuwa ni watu waliochukua huduma yetu na hela bado hawajaleta. "Uchakavu" useme ni thamani ya gari inayopungua kila mwaka linapotumika. Ukiweza kumweleza mama, mbele ya menejimenti utarudisha yale maneno ya kitaalamu bila shida, kwa sababu sasa unajua yanabeba nini. Na tarakimu usizisome zote. Shilingi 48,612,300 zipo kwenye kabrasha na kila mtu anaziona. Wewe sema "milioni 48 na ushee", kisha waambie kwa nini zimepanda.

Usikariri taarifa yote. Kariri sentensi mbili za mwanzo tu, uzijue kiasi kwamba hata ukiamshwa usingizini unazitamka. Dakika mbili za kwanza ndizo mbaya kuliko zote, zikipita mwili unatulia wenyewe. Kama kwenu kuna utaratibu wa kuwataja wakubwa mmoja mmoja, usijitie kwenye orodha ndefu ukaanza kuhofia kumruka mtu. Mtaje mwenyekiti wa kikao, sema itifaki imezingatiwa, ingia kwenye hoja.

Halafu jirekodi kwa simu. Mimi nilikuwa nafanya hivi usiku watoto wakishalala, jikoni, nimesimama kama niko kikaoni. Mara ya kwanza kujisikiliza nilitaka kuifuta ile sauti. Lakini ndipo nilipojua kwamba kila baada ya sentensi naweka "kwa maana ya kwamba", na kwamba sentensi zangu hazina mwisho, nazivuta hadi pumzi inaisha, na hiyo pumzi iliyoisha ndiyo iliyokuwa inaikata sauti yangu! Nilidhani ni hofu peke yake. Nikaanza kufupisha: wazo moja, nukta, vuta hewa, wazo jingine. Kama unataka kusikia mtu anayejua kunyamaza, tafuta mtandaoni hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Mei Mosi 1995 kule Mbeya. Yaache ya siasa kwa muda, sikiliza jinsi anavyowauliza watu swali kisha anawaachia nafasi walifikirie, hana haraka. Alikuwa mwalimu wa darasani kabla ya yote, na inasikika.

Kuhusu mwili wenyewe, kinachokutokea si ugonjwa. Adrenalini, ile homoni ya kuuandaa mwili kwa hatari, inamwagika, moyo unakwenda mbio, mdomo unakauka, damu inakimbilia kwenye misuli. Mbuzi akisikia fisi anapata hayo hayo. Huwezi kuuamuru moyo upunguze kasi, lakini pumzi unaweza kuitawala, na moyo hupungua unapotoa hewa polepole. Ukiwa umekaa unasubiri zamu, vuta hewa kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya saba au nane. Fanya hivyo mara kumi hivi, hakuna atakayejua. Kula kitu chepesi asubuhi, kahawa iache hadi umalize. Kanyaga chini kwa miguu yote miwili. Na usishike karatasi laini mkononi. Mimi naandika vichwa vya habari vitano kwenye kadi ngumu, ambayo hata mkono ukitetemeka haipigi kelele.

Kuna waliokujibu kabla yangu wakakushauri unywe propranolol, na mmoja kasema uonje pombe kidogo. Propranolol ni dawa ya moyo na presha. Ni kweli inapunguza mapigo na mtetemo, lakini kwa mwenye pumu inaweza kuwa hatari kubwa, kwa hiyo hiyo ni ya kuzungumza na daktari, si ya kununua dukani kwa kusikia. Pombe achana nayo kabisa. Menejimenti itainusa, na wewe mwenyewe hutajua kama ulichofanya ni uwezo wako.

Sasa jambo ambalo naona wengi hawalitaji. Usisubiri mwisho wa mwezi ndiyo uzungumze. Mazoezi ya mara moja kwa mwezi hayamjengi mtu. Mimi niliomba kusoma somo kanisani, kisha nikakubali uweka hazina wa kikoba chetu, ambako kila wiki nilisimama mbele ya akina mama 25 kusoma hisa, mikopo na faini. Pale ukikosea hesabu ya mtu utajua! Kwenye kikao cha idara nikajiwekea sharti la kusema jambo moja kila Jumatatu, hata kama ni fupi. Baada ya miezi minane hivi niliomba mwenyewe niwasilishe barazani. Kama uko Dar es Salaam au Nairobi, kuna vilabu vya Toastmasters ambako watu hukutana kufanyia mazoezi hotuba fupi za dakika 5 hadi 7 na kuambiana palipopungua. Wilayani kwetu hakuna, kikoba kilitosha.

Na maswali. Nina hakika wewe, kama mimi, unaogopa zaidi kuulizwa kuliko kusoma. Usiku wa kuamkia kikao nakaa na daftari, naandika maswali kumi ambayo ningeuliza kama ningekuwa diwani mwenye hasira, na chini ya kila swali naandika jibu la mistari miwili. Huwa wanauliza sita au saba kati ya hayo. Lile nisilolijua, nasema: "Mheshimiwa Mwenyekiti, takwimu hiyo sinayo hapa, naomba niilete kwa maandishi ifikapo Ijumaa." Na Ijumaa naipeleka kweli. Hakuna aliyewahi kunicheka kwa hilo.

Moyo wangu bado unakwenda mbio kila nikisikia jina la idara yangu likitajwa. Nauacha uende, natoa pumzi, nasema zile sentensi mbili.

Wewe mwezi huu usimpe mwenzako kabrasha. Hata kama utawasilisha ukurasa mmoja tu na mengine akasoma mkuu wako, huo mmoja usome wewe. Na kabla ya siku hiyo, yaandike hapa maswali unayohisi watakuuliza. Tupo wahasibu na wasio wahasibu, tutakusaidia kuyapangia majibu.