Mashine ya mtumba ya kusagia nyama: kabla hujailaani, geuza kisu

Wiki moja kabla ya Ramadhani nilinunua mashine ya mkono ya kusagia nyama kwenye meza ya mtumba hapa Mtwara mjini. Elfu kumi na tano, baada ya kubishana mpaka muuzaji akachoka. Nilitaka nyama ya sambusa nisage mwenyewe, umeme uwepo usiwepo.

Siku ya kwanza niliaibika. Nazungusha mpini, jasho linanitoka, nyama haitoki. Kilichopenya kwenye matundu kilikuwa kama uji, na maji ya damu yakachuruzika kwa nyuma, upande wa mpini, mpaka sakafuni. Mama mwenye nyumba akanikuta nanung'unika.

"Shikamoo mama. Nimepigwa, hiki ni chuma chakavu."

"Marahaba. Hebu fungua nione."

Akalegeza nati kubwa ya mbele, akachomoa kisu, akakigeuza, akakirudisha. "Umekivalisha kinyume, mwanangu."

Basi tatizo lilikuwa hilo tu. Kile kisu cha mabawa manne kina upande bapa wenye makali na upande wenye kinundu. Upande bapa ndio unaotazama nje, ulalie sahani ya matundu. Kisu na sahani hukata pamoja kama mkasi. Ukikigeuza, nyama inapondwa tu. Mpangilio ni huu: kwanza ile parafujo nene inayosukuma nyama, kisha kisu kwenye ncha yake ya mraba, kisha sahani, pengo lake likae kwenye kipini kilichopo mdomoni mwa mashine, mwisho nati. Kaza kwa mkono mpaka ishike sawasawa. Ikilegea, kisu kinaachana na sahani na unarudi kwenye uji.

Yangu haikuishia hapo, maana ilikuwa na kutu, na huku pwani chuma kikilala na maji usiku mmoja tu kinaamka chekundu. Nilisugua kwa ndimu na chumvi, nikaosha, nikakausha juani. Kisu na sahani nikavinoa kwa msasa wa maji namba 400 uliotandazwa juu ya kipande cha kioo: lowesha, bonyeza kiasi, sugua kwa kuchora umbo la namba 8 mpaka uso wote ung'ae sawa. Ukiona doa jeusi katikati, bado pamebonyea, endelea. Nyama ya kwanza kabisa nilisaga vipande vya kutupa ili ile rangi ya kijivu itoke. Paka ndiye aliyekosa raha, maana sikumpa.

Kama unanunua, angalia namba iliyochorwa ubavuni. Namba 8 sahani yake ina upana wa milimita 62 hivi, namba 10 na 12 ni kama 70. Usipoijua namba utanunua sahani ya akiba isiyoingia. Zungusha pia parafujo bila kisu. Ikikwaruza ukuta wa ndani, mwachie mwenyewe.

Nyama yenyewe itoe kano na utando wote, ikate vipande vyembamba, iweke kwenye friza nusu saa hivi ianze kukakamaa. Nyama ya moto inajisokota kwenye kisu. Meza ikiteleza, weka kipande cha kandambili kuukuu chini ya mguu wa mashine kabla hujakaza. Ukimaliza, sukumia mkate mkavu, utatoa nyama iliyobaki ndani. Osha, kausha hapohapo, paka mafuta ya kula. Kisu na sahani mimi navizika ndani ya kopo la mchele.

Kuna aliyeniuliza kuhusu pweza. Nilijaribu mara moja akiwa mbichi, akajiviringisha kwenye parafujo kama kamba ya ngalawa, nikatumia robo saa kumchomoa. Siku hizi namchemsha kwanza.